Daktari kanipa kidonge cha kolesteroli, dada anasema kitaniletea saratani

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo, na pole na kazi. Nimesoma majibu yako kwa wengine kwa muda mrefu, leo ni zamu yangu kuuliza.

Mimi ni mwanamke wa miaka 51, nimeolewa, nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 27. Si mnene, sivuti sigara, natembea sana kwa miguu, na tangu nipate akili zangu sijalazwa hospitali isipokuwa kwa kujifungua. Mapema mwaka huu kazini kwetu tulipimwa afya wote. Presha yangu nzuri, sukari nzuri, ila kolesteroli mbaya, ile wanayoiita LDL, ilikuwa 5.4. Nikaambiwa nirudie kipimo asubuhi kabla sijala, ikatoka 5.3. Daktari akauliza kama kuna ndugu aliyepata ugonjwa wa moyo mapema. Nikamwambia kaka yangu alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 47, alipona, anaendelea na dawa. Daktari akaandika, akaandika, halafu akanipa atorvastatin, kidonge kimoja kila usiku, nirudi baada ya miezi mitatu nipimwe tena. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na mimi sipendi kumchelewesha mtu.

Sasa nikueleze habari ya dada yangu mkubwa. Mama yetu aligundulika kuwa na saratani ya matiti akiwa na miaka 45. Mimi na dada ndio tuliomuuguza mpaka mwisho. Nilikuwa bado binti mdogo, kazi nzito zote alizibeba dada: kumwogesha, kubadilisha bandeji, kumshika kichwa akitapika baada ya dawa. Aliacha masomo kwa ajili hiyo na hajawahi kulalamika hata siku moja. Baba yeye hatukumfaidi, alianguka asubuhi moja akifunga kamba za viatu, hajafika 50, wakasema presha. Kwa hiyo mama alipoondoka, dada ndiye aliyekuwa mama na baba.

Miaka ya karibuni mama mdogo, yule aliyemfuata mama yetu, naye akapata saratani ya titi. Dada akamuuguza tena. Na hapa ndipo shida ilipo, Mshauri. Mama mdogo alikuwa akimeza dawa za kolesteroli kwa miaka mingi. Mwaka ule aliougua, kipimo chake kilishuka sana kuliko ilivyokuwa kawaida yake, akapongezwa kliniki, tukafurahi. Haukupita muda, uvimbe ukaonekana. Dada anasema alishuhudia kwa macho yake: kolesteroli ilishuka, saratani ikaingia.

Nilipomwambia nimeandikiwa dawa ya jamii ileile, alinijia na kurasa alizochapisha, amepiga mistari kwa kalamu nyekundu. Zinasema kuna utafiti ambapo wanawake 12 waliokunywa dawa ya kolesteroli walipata saratani ya matiti, na waliokunywa kidonge kisicho na dawa alikuwa mmoja tu. Kuna mwingine wa mwaka 2008 ambao nao ulikuta saratani nyingi kwa waliotumia dawa. Dada hakupiga kelele. Aliniambia hivi: “Ukivimeza hivyo vidonge, usiniite kukuuguza. Sina nguvu ya kuuguza mtu wa tatu.”

Wakati huo nilikuwa nimeshameza kwa wiki chache, na mapaja yalikuwa yameanza kuuma nikipanda ngazi. Basi nikaacha. Mume wangu hajui. Kila usiku ananiuliza, “Umemeza?” namjibu nimemeza. Natoa kidonge kimoja kwenye pakiti ili aone zinapungua, kisha nakitia kwenye kopo tupu la mafuta ya kujipaka lililo ndani ya mkoba wangu. Kopo limeanza kujaa, likitikisika linatoa sauti, nimeliwekea pamba.

Tarehe ya kurudi kliniki inakaribia. Mume wangu ni mtu mwema na sijazoea kumficha kitu. Dada ni kama mama yangu, siwezi kumvunja moyo. Daktari naye nitamwambia nini? Naona kama nimewekwa mahali pa kuchagua nife kwa ugonjwa upi: moyo kama nusura imtokee kaka, au titi kama mama. Kufa kwa mama nilikuona, Mshauri. Sitaki kufa vile. Nishauri tafadhali.

Niliye Njia Panda

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla sijagusa vidonge nataka nikurudishie jambo moja uliloliandika mwenyewe. Mama umemweleza kwa kirefu: umri wake, bandeji, matapishi, nani aliyemshika kichwa. Baba yako umempa sentensi moja. Alianguka akifunga kamba za viatu, hajafika 50, wakasema presha. Halafu ukaendelea na habari ya dada.

Naelewa kwa nini. Kifo cha mama mlikiishi siku kwa siku, kina harufu na sauti. Cha baba kilikuja kikaondoka kabla hujajua kimefika. Lakini daktari alipokuuliza kuhusu ndugu mwenye ugonjwa wa moyo, ulimtaja kaka peke yake. Baba hukumtaja. Mwanamume anayeanguka ghafla kabla ya miaka 50, mwanawe wa kiume anapata mshtuko wa moyo akiwa na 47, binti yake mwembamba anayetembea kwa miguu ana LDL ya 5.3. Mimi si daktari na siwezi kukwambia baba alikufa kwa nini. Ila najua kwamba mtu mzima mwenye LDL ya 4.9 au zaidi, tena mwenye historia kama hiyo nyumbani, madaktari humfikiria kolesteroli ya kurithi. Ni hali ya jeni, inampata takriban mtu 1 kati ya 250, na haitokani na ulaji wala uvivu. Anayezaliwa nayo huanza kujaziwa mishipa tangu utotoni. Mweleze daktari habari za baba. Hilo peke yake linaweza kubadilisha anavyokutazama, na ndilo ambalo hana njia ya kulijua usipomwambia.

Kwa hiyo unaposema umewekwa mahali pa kuchagua kati ya moyo na titi, naomba tulitazame upya. Umebeba urithi wa pande mbili. Upande wa mama kuna saratani ya matiti, tena mama aliipata akiwa na 45, na mdogo wake akaipata pia. Upande wa baba huenda kuna moyo. Kuacha kidonge hakukuondolei urithi wa mama. Kukimeza nako hakukuzuii kuushughulikia. Ni mambo mawili, kila moja lina mlango wake, na wewe umeyafunga pamoja kwa sababu dada aliyaona yakitokea pamoja kwa mama mdogo.

Tuje sasa kwenye kurasa za dada. Sitaki uzidharau, kwa sababu alichokisoma kipo kweli. Na hofu yenyewe ina umri kuliko anavyodhani. Mtu aliyegundua dawa za kwanza za jamii hii, zinazoitwa statini, mwanasayansi wa Japani aitwaye Akira Endo, alizipata kwenye ukungu miaka ya 1970. Mwaka 1980 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza dawa yake ya kwanza iliisimamisha, kwa sababu mbwa waliopewa kipimo kikubwa mno walionekana kupata uvimbe. Kampuni nyingine iliyokuwa na dawa ya aina hiyo nayo ikasita, ikafanya uchunguzi zaidi, na ni mwaka 1987 tu ndipo dawa yao, lovastatin, ilipokubaliwa Marekani. Kwa hiyo swali la dada yako liliulizwa tangu siku za mwanzo kabisa, na waliouliza walikuwa watu wa kazi hiyohiyo.

Ile hesabu ya 12 kwa 1 ilitoka mwaka 1996, kwenye jaribio lililoitwa CARE. Lilikuwa na watu 4,159 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, na kati yao wanawake walikuwa 576 tu. Nusu walipewa pravastatin, aina mojawapo ya statini, nusu kidonge kitupu, wakafuatwa kwa takriban miaka 5. Ukiiona namba hiyo lazima ushtuke, hata mimi nilishtuka. Lakini itazame ile 1 badala ya 12. Wanawake wapatao 290, wengi wao wa umri uliopita hedhi, miaka mitano, saratani ya titi moja tu? Hiyo ni chache mno kuliko ambavyo mtu angetarajia hata kama hakuna aliyemeza chochote. Kundi la wanawake wachache likigawanywa mara mbili, bahati inaweza kulemea upande mmoja. Njia ya kujua kama ni bahati au ni dawa ni kurudia kwa watu wengi zaidi. Ikarudiwa, dawa ileile, kwenye jaribio la LIPID lililotolewa mwaka 1998 lenye watu 9,014, na pengo lile halikuonekana tena.

Ule wa 2008 ulikuwa na wagonjwa 1,873 wenye vali ya moyo iliyosinyaa. Waliotumia simvastatin, nayo ni statini, pamoja na ezetimibe, dawa nyingine ya kolesteroli, walipata saratani 105, na waliopewa vidonge vitupu 70. Hapo pia watu wazima wenye elimu yao waliogopa, na kwa haki. Lakini mchanganyiko uleule ulikuwa tayari unachunguzwa kwenye majaribio mengine makubwa, na mwaka 2015 moja lao, lenye watu 18,144 waliofuatwa kwa takriban miaka 6, lilipotoa matokeo, saratani zilikuwa sawa pande zote.

Kinachonipa mimi utulivu zaidi ni kazi iliyochapishwa mwaka 2012. Watafiti walikusanya taarifa za mtu mmoja mmoja kutoka majaribio 27, watu wapatao 175,000. Waliomeza statini na wasiomeza, kila mwaka waliopata saratani walikuwa asilimia 1.4 upande huu na asilimia 1.4 upande ule. Walipotazama kiungo kimoja kimoja, matiti yakiwemo, hawakukuta tofauti.

Unaweza kuniuliza, na ningependa uulize: miaka mitano inatosha? Saratani nyingi hukua taratibu. Ni swali zuri. Kuna jaribio moja la Uingereza la watu 20,536, wanaume na wanawake, ambao waliendelea kufuatiliwa baada ya jaribio kuisha hadi ikatimia wastani wa miaka 11. Tofauti ya saratani haikuonekana. Na wapo watu waliozaliwa na jeni inayoiweka LDL yao chini maisha yao yote bila dawa yoyote. Wangekuwa wa kwanza kuugua kama kolesteroli ya chini ingekuwa inaita saratani, na waliochunguzwa hawakuonekana kuugua zaidi ya wengine.

Sasa mama mdogo. Hili ndilo la kweli kwa dada yako, kurasa zile ni ushahidi alioutafuta baadaye. Alichokiona hakukosea kukiona: kolesteroli ilishuka ghafla, kisha uvimbe ukajitokeza. Ila huenda mpangilio ulikuwa wa kinyume. Ugonjwa wa saratani wenyewe unaweza kuishusha kolesteroli kabla haujagunduliwa, wakati mwingine muda mrefu kabla. Madaktari wamelijua hili kwa miaka mingi, na ndiyo sababu moja ya tafiti za zamani kukuta watu wenye kolesteroli ya chini wakifa zaidi kwa saratani: walikuwa wameshaugua bila kujua. Siwezi kusema kwa hakika ndivyo ilivyokuwa kwa mama mdogo. Nasema tu kwamba alikuwa dada wa mwanamke aliyepata saratani ya titi akiwa na 45, na hatari hiyo alikuwa nayo kabla ya kidonge cha kwanza.

Na wewe unayo. Hapo ndipo ningependa nguvu ya hofu yako iende. Umepiga picha ya matiti lini mara ya mwisho? Umewahi kumwambia daktari yeyote kwamba mama na mama mdogo wote waliugua? Kwa familia kama yenu wapo wataalamu wanaokaa na mtu, wanachora ukoo wake, na wakiona inafaa wanapima jeni za kurithi kama BRCA, ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani ya titi. Jibu likiwepo hubadilisha mengi: uanze kuchunguzwa lini, kwa kipimo gani, mara ngapi. Dada yako pia. Nimetafuta kwenye barua yako nione kama yeye aliyewauguza wote wawili amewahi kupimwa, sikuona.

Kuhusu mapaja kuuma. Maumivu ya misuli yapo, na wapo wachache ambao dawa huwaumiza kweli. Ukipata maumivu makali, misuli ikalegea, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, hapo hungoji tarehe, unakwenda siku hiyohiyo. Lakini kuna jaribio dogo la mwaka 2020 lililonigusa. Watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara walipewa chupa za mwezi mmoja mmoja bila kuambiwa iliyomo: nyingine zina dawa, nyingine vidonge vitupu, na miezi mingine hawakumeza chochote. Miezi ya dawa waliumwa. Miezi ya vidonge vitupu waliumwa karibu sawasawa. Miezi bila kidonge wakapata nafuu. Maumivu yao hayakuwa ya uongo, mwili ulikuwa unaumwa kweli, ila sehemu kubwa ilitokana na kumeza kitu wanachokiogopa. Hebu kumbuka: mapaja yalianza kukuuma kabla au baada ya kumwambia dada umeandikiwa dawa? Sijui jibu. Wewe unalijua.

Madhara mengine nayo usifichwe. Statini huongeza kidogo uwezekano wa kupata kisukari: kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2010, watu 255 wakitumia kwa miaka 4, mmoja zaidi atapata kisukari. Huwapata zaidi walio karibu na mpaka, na wewe sukari yako ni nzuri, lakini ni haki yako kujua. Ini hupimwa. Na baadhi ya dawa nyingine, zikiwemo antibayotiki fulani, hazipatani nazo, kwa hiyo kila anayekuandikia dawa aambiwe. Upande wa pili wa mizani, LDL ikishushwa kwa milimoli 1 kwa lita, mishtuko ya moyo na viharusi hupungua kwa takriban moja ya tano, na kwa mwenye LDL ya 5.3 kuna milimoli zaidi ya moja ya kushusha.

Lile kopo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Sikulaumu, mtu aliyebanwa na watu watatu anaowapenda na kuwaheshimu hutafuta upenyo. Ila fikiri kitakachotokea siku ya kipimo. LDL itatoka palepale. Daktari, akiamini umemeza kila usiku, atasema kipimo cha dawa ni kidogo, atakiongeza au atakupa ya pili juu yake. Utatoka na dawa kali zaidi kwa ajili ya jaribio ambalo halikufanyika. Na ikitokea siku umeugua ghafla, mume wako ndiye atakayeulizwa mke wako anatumia nini, naye atajibu kwa uaminifu jambo ambalo si kweli.

Njia unazo kadhaa, na hakuna hata moja isiyo na gharama. Unaweza kuanza tena kumeza, na kama hofu ya misuli ipo, umwombe daktari mwanzie kipimo kidogo au aina nyingine ya statini. Gharama yake ni kwamba utaishi na macho ya dada, na kila kitakachokuuma utajiuliza kama ndicho chenyewe. Unaweza kumwambia daktari hutaki kwanza, ukaomba muda wa kuchunguzwa vizuri: kolesteroli ya kurithi, na mahali ilipo, picha ya moyo inayoonyesha chokaa iliyojikusanya kwenye mishipa. Huo ni uamuzi wa mtu mzima na daktari mwema ataupokea. Gharama yake ni muda, na kama kweli una kile ninachohisi baba alikuwa nacho, muda umeshatumika mwingi. Unaweza kuongeza nguvu kwenye chakula, ukapunguza mafuta ya wanyama na kuongeza nyuzinyuzi. Husaidia, ila kwa kolesteroli ya kurithi kwa kawaida hakutoshi peke yake, na nisingependa ujilaumu kikishindikana. Zipo pia dawa zisizo statini, ambazo daktari anaweza kuzifikiria ikiwa statini umezijaribu kwa haki zikakushinda.

Kuendelea na kopo nako ni njia, kwa sababu ndiyo unayoitembea sasa. Nimeitaja ili uione kwamba nayo ni uamuzi.

Ukienda kliniki, usingoje upate maneno mazuri. Ukikaa tu kwenye kiti, kabla hajafungua faili, sema: “Daktari, dawa niliacha baada ya wiki chache. Mama yangu alikufa kwa saratani ya matiti na niliogopa. Na baba alianguka ghafla kabla ya miaka 50, sikukwambia.” Sentensi tatu. Kama kuna foleni nyuma yako, waache wangoje. Huyo aliyekutangulia kwenye foleni pengine aliongea na daktari muda mrefu pia.

Mume wako mwambie kabla ya kliniki, si baada. Umesema ni mtu mwema. Anayeuliza kila usiku kama umemeza ni mtu anayeogopa kukupoteza, na nadhani ataumia zaidi akilikuta kopo kuliko akionyeshwa.

Dada yako ndiye ninayemfikiria sana. “Sina nguvu ya kuuguza mtu wa tatu.” Mdogo wangu, huyo hakukutisha. Huyo alikuomba. Aliacha masomo akiwa binti, akazika mama, akamwogesha mama mdogo, na sijaona mahali ambapo kuna mtu aliyemuuliza yeye anaendeleaje. Ukimpelekea namba nilizokuandikia, atakuletea nyingine, mtabishana kuhusu kurasa, na jambo lenyewe litabaki palepale. Ningeanza kwa kumwambia umemsikia. Kisha ningemwomba aje nawe kliniki, akae kwenye kiti cha pili, amuulize daktari mwenyewe habari za mama mdogo. Anastahili kujibiwa na mtu aliyesomea. Inawezekana atatoka akiwa bado hajakubali. Mtu anaweza kukupenda na kutokubaliana na kidonge chako, na wewe unaweza kubaki mdogo wake ukiwa umefanya uamuzi usio wake. Baada ya hapo mwombe jambo moja ambalo halihusu kolesteroli kabisa: mwende pamoja kupiga picha ya matiti.

La mwisho ni la watoto. Ikithibitika kuwa kolesteroli yako ni ya kurithi, kila mmoja wao ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa nayo, na wa miaka 27 hana dalili yoyote kama wewe ulivyokuwa huna. Kipimo ni cha damu tu. Kaka yako naye mpigie, umuulize LDL yake ilikuwa ngapi kabla ya mshtuko, na kama ana karatasi aipige picha akutumie uende nayo. Watoto wake nao wako kwenye hesabu hiyohiyo.